Bakteria wa Baharini Hawauzwi kwa Chupa

Mwezi Juni 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa kura tano dhidi ya nne, kwamba kiumbe hai aliyebuniwa maabara anaweza kupewa hataza. Aliyeshinda kesi hiyo ni Ananda Mohan Chakrabarty, mwanasayansi mzaliwa wa India aliyekuwa akifanya kazi General Electric. Kiumbe mwenyewe alikuwa bakteria wa jamii ya Pseudomonas aliyeongezewa uwezo wa kumeng'enya aina kadhaa za kemikali za mafuta ghafi kwa mpigo. Ahadi ilikuwa tamu: meli ikipasuka, mwaga bakteria, subiri. Bakteria yule akaingia kwenye vitabu vya sheria, wanafunzi wa hataza wanasomeshwa habari zake mpaka leo, lakini hajawahi kupelekwa baharini kusafisha hata ndoo moja ya mafuta.

Safu hii inashikilia kwamba kisa hicho hakikutokea kwa bahati mbaya. Ndivyo mambo yanavyokwenda karibu kila mara watu wanapotaka kuwatumia viumbe wadogo wa baharini kuzalisha nishati safi au kusafisha mazingira. Fedha na sifa zote humwendea kiumbe, ilhali kinachokwamisha kazi kiko nje yake. Kwenye mafuta yaliyomwagika, kinachopungua ni naitrojeni, fosforasi na oksijeni. Kwenye mafuta ya mwani, kinachoshinda ni maji mengi ya kuchuja, mbolea ya kulishia na mwanga wa jua unaopotea njiani. Nchi yenye pwani inayoelewa hilo itaacha kununua kitu ambacho bahari yake inacho tayari, itumie fedha hizo kujiandaa kwa yale yanayokosekana.

Tuanze na mfanyakazi mwenyewe. Alcanivorax borkumensis alipewa jina mwaka 1998 na Michail Yakimov na wenzake, kwa heshima ya kisiwa cha Borkum katika Bahari ya Kaskazini, karibu na mahali alipopatikana. Bahari ikiwa safi, kumpata ni kazi. Yumo, lakini ni wa kuhesabika. Mafuta yakimwagika huzaliana kwa kasi mpaka akawa miongoni mwa walio wengi zaidi mahali hapo. Sukari, chakula kinachopendwa na bakteria wengi, haimfai kitu. Yeye anaishi kwa haidrokaboni. Jenomu yake iliposomwa na kuchapishwa mwaka 2006, wanasayansi waliona amejaa vifaa vya kazi hiyo moja: vimeng'enya vya kuvunja minyororo ya kaboni, pamoja na uwezo wa kutengeneza aina ya sabuni yake mwenyewe ya kuyagawa mafuta kuwa matone. Mwaka 2023 utafiti mwingine ulionyesha jinsi kundi la bakteria hao linavyofunika tone la mafuta kama ngozi, kisha likalikunja na kulichoma mirija membamba, eneo la kulia likapanuka.

Kwa kemia, kazi yake haina uchawi. Kimeng'enya huchomeka atomu moja ya oksijeni kwenye ncha ya mnyororo wa haidrokaboni, mnyororo ukageuka kuwa alkoholi, baadaye asidi ya mafuta, halafu ukakatwa vipande vya kaboni mbili mbili. Sehemu ya kaboni hiyo huunguzwa kupata nguvu na kutoka kama hewa ukaa na maji. Sehemu nyingine hujengea mwili wa bakteria wapya. Minyororo iliyonyooka huliwa kwanza. Zile zenye maumbo ya pete huhitaji wataalamu wengine, kama bakteria wa jamii ya Cycloclasticus, nao huchukua muda mrefu zaidi. Lami na utomvu mzito hubaki karibu kama vilivyo.

Hapo ndipo tatizo linapoanza. Mafuta ni kaboni na haidrojeni karibu tupu. Bakteria anayetaka kuzaliana anahitaji pia naitrojeni ya kutengenezea protini, na fosforasi ya jeni na tando zake, na vitu hivyo havimo ndani ya mafuta. Maji ya juu ya bahari za tropiki huwa navyo kidogo mno. Ndiyo maana yanang'aa kwa weupe na ubuluu. Bakteria aliyezungukwa na mafuta ni fundi aliyemwagiwa tofali za ghorofa nzima na saruji ya nyumba ya kuku. Kumletea mafundi wengine mia hakutainua ukuta.

Uthibitisho mkubwa ulitoka Alaska. Tarehe 24 Machi 1989 meli ya Exxon Valdez iligonga mwamba wa Bligh katika ghuba ya Prince William na kumwaga takriban lita milioni 41 za mafuta ghafi. Fukwe za mawe zikawa nyeusi. Idara ya Mazingira ya Marekani na kampuni yenyewe zilijaribu jambo dogo katika eneo liitwalo Snug Harbor: zikanyunyiza mbolea kwenye vipande vya ufuo bila kuongeza bakteria yeyote. Baada ya wiki mbili tatu mawe yaliyopata mbolea yakaanza kuonekana meupe katikati ya ufuo mweusi. Mbolea mbili zilitumika kwa wingi baada ya hapo, moja ya maji inayoshikamana na mafuta na nyingine ya punje zinazoyeyuka polepole, na mamia ya fukwe yalitibiwa katika majira ya kiangazi yaliyofuata.

Wapinzani walikuwa na swali la haki: pengine mawimbi ndiyo yaliyosafisha. James Bragg, Roger Prince, Ronald Atlas na mwenzao walilijibu mwaka 1994 kwa ujanja wa kupendeza. Ndani ya mafuta ghafi mna kemikali iitwayo hopeni ambayo bakteria hawaigusi kwa urahisi. Wimbi likiondoa mafuta huondoa na hopeni pamoja. Bakteria wakila, hopeni hubaki na kuongezeka kwa uwiano. Kwa kupima uwiano huo walionyesha kwamba mafuta yaliliwa kweli, na kwamba kasi ya ulaji ilifuata kiasi cha naitrojeni kilichokuwa kwenye maji yaliyojaa katikati ya mawe. Naitrojeni ikipanda, ulaji unapanda.

Je, chupa za bakteria? Wachuuzi walijitokeza kwa wingi, kila mmoja na unga wake na ahadi yake. Idara ya Mazingira iliwapima maabara, ikachukua wachache waliofanya vizuri na kuwajaribu ufukweni. Hawakuonyesha faida ya maana juu ya mbolea peke yake. Si kwamba bakteria wao walikuwa bandia. Walikuwa wageni. Aliyelelewa kwenye chupa yenye chakula tele anaingia bahari yenye baridi, chumvi, vijidudu walaji wanaomwinda na wenyeji waliozoea hali hiyo kwa miaka isiyohesabika. Mgeni huyo hadumu, na wakati huohuo mwenyeji amekwishaanza kuzaliana bila kusubiri mwaliko wa mtu.

Mwandishi wa safu hii haoni sababu ya kuwaonea aibu wachuuzi wa leo wanaobisha hodi kwenye mamlaka za bandari na ofisi za mazingira. Waulizwe swali moja tu: bidhaa yako inaishinda mbolea ya kawaida, kwenye maji yetu, kwa kiasi gani?

Mbolea nayo ina mpaka wake, na mpaka huo unaitwa oksijeni. Kilo moja ya mafuta ikimeng'enywa yote huhitaji zaidi ya kilo tatu za oksijeni. Lita moja ya maji ya bahari yenye joto kama la Mombasa hubeba miligramu sita au saba hivi. Ukipiga hesabu, kilo moja ya mafuta inaweza kumaliza oksijeni ya takriban lita nusu milioni za maji. Juu ya bahari hilo si tatizo kubwa, kwa kuwa upepo na mawimbi huirudisha. Chini ya mchanga au ndani ya tope, hakuna wa kuirudisha. Alaska yenyewe ina ushahidi. Miongo miwili baada ya ajali, mafuta yalikuwa bado yamejificha sentimita chache chini ya changarawe za baadhi ya fukwe. Michel Boufadel na mwenzake walieleza mwaka 2010 kwamba tabaka la chini la ufuo lilipitisha maji polepole mno, na oksijeni na virutubisho havikufika. Huko Massachusetts, mwaka 1969 tishari moja lilimwaga dizeli karibu na West Falmouth, na zaidi ya miaka 30 baadaye wachunguzi waliikuta ikingali ndani ya tope la vinamasi.

Kwa pwani ya mikoko habari hizo ni nzito. Tope la mikoko huishiwa oksijeni milimita au sentimita chache tu chini ya uso wake. Mwaka 1986 mafuta yalimwagika Galeta, pwani ya Panama, na watafiti waliofuatilia mikoko ya huko walikadiria kwamba mabaki yangedumu miaka 20 au zaidi. Mombasa haihitaji kusafiri mpaka Panama kujifunza. Mwaka 1988 takriban tani 5,000 za mafuta zilivuja na kuingia hori la Makupa, mikoko ikafa. Mwaka 2005 meli ya mafuta ikavuja Kilindini, na mafuta yakafika mpaka kwenye mikoko ya Port Reitz. Mchu, mmoja wa miti ya mikoko, hupumua kwa mizizi midogo inayochomoza topeni kama penseli. Ikipakwa mafuta, mti unakosa pumzi kabla hata bakteria hawajaanza kufikiria kula. Anayemwambia mvuvi wa hori kwamba vijidudu watasafisha mikoko anamwambia maneno ambayo huenda yakatimia mjukuu wake akiwa mtu mzima.

Mfano unaotajwa sana upande wa matumaini ni Ghuba ya Mexico. Mtambo wa Deepwater Horizon ulilipuka tarehe 20 Aprili 2010, watu 11 wakafa, na kisima kilichoko karibu mita 1,500 chini ya maji kikatapika mafuta kwa siku 87. Timu ya Terry Hazen wa maabara ya Lawrence Berkeley ilichota maji kutoka kwenye wingu la mafuta lililokuwa likitambaa kilomita moja na zaidi chini ya uso wa bahari, kwenye joto la nyuzi tano hivi za Selsiasi. Waliwakuta bakteria wa kundi la Oceanospirillales wakiwa wametawala kabisa, tena wakila kwa kasi ambayo wengi hawakuitarajia kwenye baridi ile. Vichwa vya habari vilitangaza kwamba bakteria wameyamaliza mafuta.

Hawakuyamaliza. Walikula vizuri gesi na sehemu nyepesi, kwa sababu zinazoeleweka: mafuta yenyewe yalikuwa mepesi, yalitoka kisimani yakiwa matone madogo sana, na sakafu ya ghuba ile imekuwa ikivuja mafuta kidogo kidogo kwa asili tangu zamani, hivyo wenyeji walikuwa wamekwishazoea. Sehemu nzito ilinasa kwenye chembechembe na makamasi ya viumbe, ikazama pamoja nazo mpaka sakafuni, ikafunika hata matumbawe ya kina kirefu. Nyingine iliingia vinamasi vya Louisiana na kukaa. Kuchukua mafanikio ya ghuba ile na kuyabandika kwenye bahari isiyo na historia hiyo ni kujidanganya.

Kuna pia imani kwamba kemikali za kutawanya mafuta ni rafiki wa bakteria: tone likiwa dogo, eneo la kulia huwa kubwa, kazi inaharakishwa. Hoja hiyo haina kasoro kwenye karatasi. Kwenye ajali ya 2010 zilimwagwa takriban lita milioni saba za kemikali hizo, karibu milioni tatu kati yake mdomoni mwa kisima. Mwaka 2015 Sara Kleindienst, Samantha Joye na wenzao walichapisha majaribio ya maabara yaliyoonyesha kwamba kemikali hiyo haikuharakisha ulaji. Iliwapendelea bakteria wa jamii ya Colwellia, ambao huenda waliila kemikali yenyewe, na kuwakandamiza Marinobacter waliokuwa wakishughulikia mafuta. Watafiti wengine, waliopima matone yaliyotawanyika sana, wamepata matokeo kinyume. Mjadala haujafungwa. Jambo lisilobishaniwa ni kwamba kemikali hizo huhamisha mafuta kutoka juu kwenda ndani ya maji, yaani kutoka kwa ndege na fukwe kwenda kwa samaki wachanga na matumbawe. Huo ni uamuzi wa nani aumie, na haufai kufanywa saa nane usiku na ofisa aliyeshtuliwa kwa simu.

Hofu ya upande wa pili, kwamba bakteria hao watageuka na kula kila kitu, haina msingi. Mafuta yakiisha, idadi yao hushuka, na vijidudu wengine huwala. Na wale wanaotarajia bakteria wa bahari kumaliza plastiki wangojee kwanza. Bakteria maarufu wa plastiki, Ideonella sakaiensis, aliyetangazwa Japani mwaka 2016, alitoka kwenye sampuli za kituo cha kuchakata chupa, si baharini, na vimeng'enya vya aina yake vinafaa zaidi ndani ya tangi la kiwanda kuliko katikati ya bahari.

Pipa la mafuta ya mwani

Upande wa nishati, kosa ni lilelile kwa sura nyingine. Mwani wa seli moja hutumia jua na hewa ukaa kutengeneza mwili wake, na baadhi ya aina hurundika mafuta mpaka theluthi ya uzito mkavu au zaidi. Hauhitaji shamba la rutuba, na aina za baharini hazihitaji maji baridi. Nani asingevutiwa? Marekani ilianza mwaka 1978, baada ya bei ya mafuta kupanda, na mradi wake ukakusanya aina takriban 3,000 kabla ya kufungwa mwaka 1996.

Ripoti ya mwisho ya mradi ule, iliyotoka 1998, ingepaswa kusomwa na kila anayeomba fedha za mwani. Waligundua kwamba mwani hurundika mafuta unaponyimwa naitrojeni. Lakini ukinyimwa naitrojeni huacha kukua. Kwa hiyo mafuta kwa kila seli yanapanda na mafuta kwa kila bwawa hayapandi. Wakajaribu njia ya jeni: walichukua mwani uitwao Cyclotella cryptica, wakaongeza nakala za jeni ya kimeng'enya kinachoanzisha utengenezaji wa mafuta. Kimeng'enya kikaongezeka. Mafuta hayakuongezeka.

Mwaka 2009 ExxonMobil iliingia uwanjani pamoja na Synthetic Genomics, kampuni ya Craig Venter, ikitangaza kwamba ingeweza kutumia mpaka dola milioni 600. Safari hii jeni ilitii. Mwaka 2017 watafiti wa Synthetic Genomics walichapisha kwamba kwa kubana jeni moja inayosimamia nyingine katika mwani wa bahari Nannochloropsis gaditana, sehemu ya mafuta ilipanda kutoka takriban asilimia 20 hadi zaidi ya 40, na mwani ukaendelea kukua. Hayo ni mafanikio ya kweli ya sayansi, na safu hii inawavulia kofia. Mwanzoni mwa 2023 ikajulikana kwamba kampuni ya mafuta imejitoa.

Kwa nini, ikiwa jeni ilikubali? Kwa sababu bwawa la wazi la mwani huwa na nusu gramu hadi gramu moja ya mwani mkavu kwa lita. Hata robo ya uzito huo ikiwa mafuta, kilo moja ya mafuta inamaanisha kuchuja lita 4,000 hadi 8,000 za maji. Pampu na mashine za kuchuja hutumia umeme, na ukaushaji hutumia joto. Mwani shambani hugeuza labda asilimia mbili au tatu ya nguvu ya jua kuwa mwili wake, nayo ni siku njema. Paneli za kawaida za sola hugeuza asilimia 20 hivi kuwa umeme moja kwa moja. Halafu mafuta yale yanaingia kwenye injini inayopoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake kama joto, wakati mota ya bodaboda ya umeme haipotezi kiasi hicho. Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilikadiria mwaka 2012 kwamba kuzalisha lita bilioni 39 za mafuta ya mwani, takriban asilimia tano ya mahitaji ya usafiri ya nchi ile, kungehitaji tani milioni 6 hadi 15 za naitrojeni na milioni moja hadi mbili za fosforasi kila mwaka iwapo hazirudishwi bwawani. Mbolea hiyo ndiyo ileile inayosubiriwa na mahindi.

Msomaji wa Tanzania anazo sababu za ziada za kusita. Katika miaka ya 2000 mbono kaburi uliletwa kwa hotuba zinazofanana sana na hizi: hauhitaji ardhi nzuri, hauhitaji maji, utatoa dizeli safi. Vijiji vya Kisarawe na Kilwa viliachia ardhi. Wawekezaji waliondoka kabla dizeli haijaonekana, na suala la ardhi likabaki na wanakijiji. Mwani wa bahari haulipi ukiuzwa kwa pipa. Unalipa ukiuzwa kwa gramu: rangi ya karotini kutoka kwa Dunaliella salina anayeishi kwenye maji ya chumvi kali huko Australia Magharibi, au mafuta ya DHA ya maziwa ya watoto yanayotoka kwa Crypthecodinium cohnii. Hizo ni biashara halali na nzuri. Zisiitwe nishati.

Ipo nishati ya kweli inayotokana na vijidudu wa tope la bahari, ila ni ya kiasi cha kuchekesha. Ukizika kipande cha grafiti topeni na kuning'iniza kingine kwenye maji juu yake, bakteria kama Desulfuromonas humeng'enya mabaki ya viumbe na kuzikabidhi elektroni zao kwa grafiti, umeme ukapita kwenye waya. Leonard Tender wa maabara ya jeshi la majini la Marekani na wenzake walionyesha mwaka 2008 kwamba kifaa cha namna hiyo chenye uzito wa kilo 16 kinatoa miliwati 36 bila kuchoka. Vifaa kama hivyo 140 vingechaji simu moja ya kawaida. Lakini boya la kupimia hali ya hewa linatumia miliwati 18, na pale bakteria waliliendesha bila mtu kwenda kubadilisha betri. Kwa vipimo vya joto, chumvi na oksijeni kwenye mahori yetu, ambako betri huibwa au huliwa na kutu, teknolojia hii ndogo inafaa kuliko mapipa yote ya mwani.

Kabla meli ya kwanza haijapakia Chongoleani

Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Kabaale, Hoima, nchini Uganda, linaishia Chongoleani, Tanga. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi; hupashwa joto njia nzima ili yasigande. Jambo hilo halijadiliwi vya kutosha upande wa baharini. Mafuta yatakayomwagika kwenye maji ya nyuzi 25 hadi 30 yataganda na kuwa mabonge na magamba. Kwa kemia, nta ni minyororo iliyonyooka, chakula ambacho Alcanivorax anakipenda kuliko vyote. Kwa umbo, bonge ni gumu kuliwa, kwani bakteria hufanya kazi usoni tu, pale mafuta yanapokutana na maji, na uso wa bonge ni mdogo. Kemikali za kutawanya nazo hazifui dafu kwa mafuta yaliyoganda. Kinachofaa zaidi ni nyavu, majahazi na watu wa kuokota, tena mapema, kabla jua halijalainisha mabonge yakajipaka kwenye mizizi ya michu.

Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki husukuma maji kuelekea kaskazini. Kitakachomwagika Tanga, jirani na hifadhi ya samaki aitwaye silikanti, kinaweza kuingia Vanga, Shimoni na Kisite upande wa Kenya ndani ya siku chache. Kwa hiyo mpango wa Tanga usioandikwa pamoja na Kenya ni nusu ya mpango.

Ndani ya mpango huo bakteria wawe na sura yao, fupi na yenye masharti. Mbolea inaruhusiwa kwenye fukwe za mchanga mkubwa na changarawe zinazopigwa na mawimbi, baada ya mafuta mengi kuokotwa kwa mikono. Karibu na matumbawe hairuhusiwi, kwa sababu naitrojeni ya ziada hulisha mwani unaoyafunika. Mikokoni pia hairuhusiwi bila kupima oksijeni ya tope kwanza, na mara nyingi kipimo kitasema acheni. Ramani ya fukwe hizo, moja baada ya nyingine kutoka Mtwara mpaka Lamu, ni kazi ya miezi kadhaa kwa wanafunzi wa uzamili wenye mtumbwi, kipimo cha oksijeni na wazee wa kijiji wanaojua bamvua inafika wapi.

Kwa wauzaji wa chupa, kanuni ya ununuzi iwe ya ndoo tatu za maji ya bahari yaleyale, zenye mafuta yaleyale: ya kwanza haiwekwi kitu, ya pili inawekwa mbolea, ya tatu inawekwa bidhaa. Baada ya siku 28 mafuta yanapimwa dhidi ya hopeni. Bidhaa isiyoishinda ndoo ya pili hainunuliwi. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Zanzibar na KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi iliyoko Mombasa, zinaweza kusimamia jaribio hilo kwa gharama ndogo kuliko bei ya kontena moja la unga.

Jambo moja halisubiri: kujua tulichonacho sasa, maji yakiwa safi. Bila vipimo vya naitrojeni, oksijeni na idadi ya bakteria wala-mafuta vya kabla ya ajali, hakuna mahakama wala kampuni ya bima itakayokubali makadirio ya hasara ya baada ya ajali. Sampuli za msimu mmoja hazitoshi, kwa kuwa kaskazi na kusi hubadilisha joto, mchanganyiko wa maji na virutubisho. Zichotwe misimu yote miwili, mahali palepale, kuanzia Mkondo wa Pemba mpaka ndani ya mahori ya Tanga na Shimoni, na zianze walau mwaka mzima kabla ya meli ya kwanza kufunga kamba Chongoleani.